Kuchora njia ya mbio za baiskeli kati ya Shimba na bahari ya Diani

Mji wa Kwale umekaa juu ya vilima vya Shimba, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, ilhali bahari yenyewe haiko mbali. Kutoka ukingo wa mashariki wa vilima hivyo mtu huiona minazi ya Tiwi na Diani, na siku isiyo na ukungu huuona hata mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba. Mteremko wa aina hiyo, wenye msitu juu, mashamba katikati na mchanga chini, ndio ambao waandalizi wa mbio za baiskeli za milimani katika nchi nyingi huutafuta kwa gharama kubwa. Kwale inao tangu jadi, na wanaoujua kuliko mtu yeyote ni wakazi wanaoshuka nao kila uchao wakiwa na nazi, kuni, makaa au mitungi ya maji nyuma ya baiskeli zao nzito.

Hata hivyo, mteremko hauwi njia ya mashindano kwa sababu tu unateremka. Kati ya Shimba na Diani wamo ndovu, zimo kaya za Wadigo, yamo mashamba ya watu na mito inayobadilika sura masika yanapoingia. Kila kimoja kina kauli yake kuhusu pale gurudumu linapoweza kupita na pale lisipoweza.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Chimbuko lake ni miaka ya 1970 katika mlima Tamalpais, wilaya ya Marin huko California, Marekani, ambako vijana walichukua baiskeli kuukuu zenye tairi nene na kuzishusha kwa kasi kwenye barabara za udongo zilizotengenezewa wazima moto. Oktoba 1976 waliandaa mashindano ya kwanza kwenye mteremko walioupa jina la Repack. Jina hilo lina kisa. Breki za baiskeli zile zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na mteremko mmoja ulitosha kuipasha grisi joto hadi ikatoka moshi, hivyo kila baada ya mbio ilibidi kitovu kifunguliwe na kupakwa grisi upya. Njia ile ilishuka takriban mita 400, karibu sawa na kimo cha mji wa Kwale, ila wao walizishuka katika umbali wa kilomita tatu na ushei tu.

Kinachosahauliwa mara nyingi katika simulizi hiyo ni kilichofuata. Katika miaka ya 1980 watembea kwa miguu na wapanda farasi wa Marin walikuwa wamechoshwa na magurudumu, na mamlaka za huko zikavifunga vijia vingi vyembamba kwa waendesha baiskeli. Pahali mchezo ulipozaliwa pakawa miongoni mwa pahali pa kwanza kuuwekea mipaka. Wanaotaka kuuleta katika misitu ya Pwani hawana budi kuanzia hapo.

Mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka wa 1996 mjini Atlanta, na tangu hapo kanuni za njia zimekuwa bayana. Muungano wa Kimataifa wa Uendeshaji Baiskeli (UCI) unataka njia ya mbio za Olimpiki iwe mzunguko wa kilomita 4 hadi 6 unaorudiwa mara kadhaa, huku sehemu ya lami isizidi asilimia 15 ya njia nzima. Njia iwe na barabara za msituni, vijia, nyasi na changarawe, na iweze kuendeshwa hata mvua inaponyesha. Panapokuwa na kijia chembamba kirefu, sharti paachwe nafasi za kupitana, la sivyo mashindano hugeuka msafara wa siafu. Kwa mbio ndefu za masafa, zinazoitwa marathoni, umbali huwa kati ya kilomita 60 na 160.

Alama nazo zina lugha yake. Mshale unaoelekea chini humwonya mwendeshaji apunguze kasi. Miwili humaanisha hatari kubwa. Mitatu humaanisha hatari kubwa mno ambapo mwenye busara atashuka na kuisukuma baiskeli. Alama ya mkasi, yaani X, humwambia amepotea njia. Mwendeshaji huzisoma katika nukta chache akiwa na jasho machoni, na ndiyo maana huwekwa kabla ya hatari kwa umbali wa kumtosha kufunga breki.

Kenya haianzi kutoka sufuri. Kwenye Mlima Kenya kuna mashindano yajulikanayo kama 10to4, yanayoandaliwa na shirika la uhifadhi la Mount Kenya Trust. Jina linatokana na kimo: waendeshaji huanzia juu, kwenye takriban futi 10,000, wakapita msituni na mashambani hadi nyika zilizo kwenye futi 4,000 hivi. Pesa zinazopatikana huelekezwa katika kuuhifadhi mlima ule ule. Huko Maasai Mara, mashindano ya barabara za changarawe yaitwayo Migration Gravel Race yalianza mwaka wa 2021, yakiwaleta waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda kushindana na wageni kwa siku nne katika umbali unaozidi kilomita 600.

Vipaji pia havikosekani. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, aliyajifunza mambo ya baiskeli akiwa kijana kwenye vijia vya Kikuyu chini ya David Kinjah. Adrien Niyonshuti wa Rwanda aliikamilisha mbio ya baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012, jambo lililowafungua macho wengi katika ukanda huu. Naye Suleiman Kangangi, nahodha wa kikosi cha Team Amani aliyewahi kuwa mwendeshaji wa bodaboda ya baiskeli mjini Eldoret, alianguka na kufariki Agosti 2022 akishiriki mbio za barabara za udongo katika jimbo la Vermont, Marekani. Kifo chake kiliwakumbusha waandalizi kwamba barabara ya msituni, hata ile inayoonekana pana na tulivu, ina hatari zake.

Tukirejea Kwale, ardhi ya huko hushuka kwa ngazi, na kila ngazi ina tabia yake. Juu kabisa ni vilima vya Shimba vyenye mawe ya mchanga mgumu, ambayo huachia changarawe kali barabarani. Tairi hushika vyema hapo kiangazi, lakini kwenye kona changarawe hiyo huwa kama punje za mahindi juu ya sakafu ya saruji. Chini yake huja vilima vidogo vya udongo mwekundu, ule ule uliobeba madini ya titani, ambao hukauka ukawa vumbi laini na kulowa ukawa utelezi usiosameheka. Mwisho ni uwanda wa matumbawe unaopakana na bahari, wenye mchanga mwingi vijijini na mawe makali ya matumbawe yanayochomoza ghafla. Mwendeshaji anayejaza upepo tairi zake kwa ajili ya changarawe ya juu atazama mchangani akifika chini, na anayezilegeza kwa ajili ya mchanga atapata pancha kwenye matumbawe. Hakuna kipimo kinachofaa ngazi zote tatu; ni kuchagua hasara ipi ivumiliwe.

Udongo huo mwekundu unaleta jambo jingine. Uchimbaji wa titani katika eneo la Maumba na Nguluku ulianza mwaka wa 2013 na kufikia kikomo Desemba 2024. Katika miaka hiyo familia zilihamishwa, njia za zamani zilikatika na nyingine mpya zikafunguliwa. Ramani iliyochorwa kabla ya mgodi haiaminiki tena katika sehemu hizo, na picha ya setilaiti haionyeshi kama kijia kinachoonekana wazi kinapita uani kwa mtu. Hakuna kifaa kinachoshinda kuitembea njia kwa miguu pamoja na mwenyeji, kwenda na kurudi, kwa sababu mteremko unaoonekana mwepesi ukiupanda huwa na sura nyingine ukiushuka.

Sasa ndovu. Shimba Hills ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1903, na mnamo 1968 ikawa hifadhi ya taifa ya wanyamapori. Ndimo walimo palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, ambaye hapatikani porini pengine popote nchini Kenya. Ndimo pia walimo ndovu, na idadi yao iliwahi kuwa kubwa kuliko eneo lenyewe. Mwaka wa 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liliwahamisha ndovu wapatao 150 kutoka Shimba na maeneo jirani hadi Tsavo Mashariki, kazi iliyohitaji dawa za usingizi, winchi na malori. Waliosalia huvuka baina ya hifadhi na eneo la Mwaluganje lililo upande wa kaskazini, ambako wenye mashamba wa Kiduruma na Kidigo waliitenga ardhi yao katika miaka ya 1990 iwe makao ya ndovu, wao wakipata mgao wa ada za watalii.

Watu hudhani hatari ya ndovu kwa mwendesha baiskeli ni ndovu kumfukuza. Hatari yenyewe huanza mapema zaidi. Gari huvuma na mnyama hulisikia angali mbali, naye mtembezi huenda polepole. Baiskeli ina kasi ya kutisha na haina sauti. Katika kijia chenye kona, mwendeshaji na ndovu hukutana wakiwa hatua chache tu baina yao, na ndovu aliyeshtukizwa, hasa jike mwenye ndama, hana muda wa kuamua kukimbia. Ndiyo sababu mfano wa Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako wageni huendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, hauwezi kunukuliwa moja kwa moja Kwale. Hell's Gate ni wazi, mtu huona mbali, na haina ndovu. Shimba ni msitu.

(Kwale, aghalabu, neno tembo lina maana mbili: yule mnyama, na kile kinywaji kigemwacho kwenye mnazi. Maana zote mbili zimewahi kuwaangusha waendesha baiskeli.)

Kutokana na hayo, njia yenye akili ni ile inayouzunguka msitu mnene badala ya kuupasua. Barabara za mashambani kandokando ya hifadhi, kuelekea Mkongani na Lukore, zina miinuko na mabonde ya kutosha kumchosha yeyote. Hata huko ndovu huingia usiku kula mahindi na migomba, hivyo askari wa wanyamapori sharti waipite njia nzima alfajiri kabla ya kipenga kupulizwa, wakiangalia kinyesi na nyayo mbichi. Wakiona dalili, sehemu hiyo hufungwa. Mwandalizi aliyejiandaa huwa tayari na njia mbadala aliyoiwekea alama tangu jana. Asiyejiandaa huanza kubishana na askari mbele ya waendeshaji 200 waliolipa kiingilio.

Sheria nayo ipo. Ndani ya hifadhi, idhini hutoka KWS, na msitu wa serikali uko pia chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inavitambua vyama vya kijamii vya misitu, yaani wakazi walio jirani na msitu wana kauli katika usimamizi wake. Ni makosa kuvifikia vyama hivyo wiki ya mwisho ili vitoe watu wa kuelekeza magari. Wao ndio wanaojua kijia gani hutumiwa na akina mama kwenda kuokota kuni asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo mashindano mengi hufanyika.

Upande wa kaya, mambo ni mepesi kuyaeleza na mazito kuyatenda. Misitu ya kaya ni makazi ya kale ya Wamijikenda, yenye makaburi, mahali pa tambiko na miti isiyokatwa. Mwaka wa 2008 shirika la UNESCO liliiorodhesha baadhi yake, ikiwamo Kaya Kinondo iliyo kusini mwa Diani, kuwa urithi wa dunia. Kaya Kinondo hupokea wageni, lakini kwa masharti: mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huandamana na mwenyeji, hachumi jani wala haokoti jiwe. Msitu wa namna hiyo hauna nafasi ya gurudumu. Hata Kaya Muhaka, iliyo barani magharibi mwa Diani na ambayo kwenye ramani huonekana kama kijani kitamu katikati ya njia ya kushukia, haipaswi kuguswa.

Si lazima kaya ipotezwe machoni mwa mashindano, lakini. Njia inaweza kupita nje ya ukingo wake, kwa umbali ambao wazee wenyewe wameutaja, bila spika, bila bango la mdhamini na bila kituo cha maji hapo. Wazee huulizwa mapema, na jibu la hapana hukubaliwa kuwa hapana. Kwa miaka mingi misitu hiyo ilinusurika kwa sababu watu waliiogopa. Leo nyingi zimezungukwa na viwanja vya kuuza, na kijia kimoja kilichopanuliwa kwa ajili ya siku moja ya michezo huweza kuwa barabara ya lori la mchanga mwaka ufuatao. Hilo ndilo wazee huliwazia zaidi kuliko mikwaruzo ya tairi, na wana haki.

Mikwaruzo yenyewe haidharauliki. Baiskeli inayofunga breki ghafla mteremkoni huburuta udongo, tairi mia mbili zikifanya hivyo pahali pamoja huchimba mfereji, na mvua ya kwanza huugeuza mfereji kuwa korongo. Njia nzuri haishuki mlima wima. Huukata kwa mshazari, ikipanda kidogo kila baada ya hatua kadhaa ili maji yatoke pembeni. Wakulima wa Kubo wanaochimba matuta katika mashamba yao wanaijua kanuni hiyo bila kusomeshwa na mtaalamu wa michezo.

Hapo ndipo suala la msimu linapotia kabari. Biashara ya hoteli za Diani hudorora kati ya Aprili na Juni, na mtu wa utalii angependa mashindano yaje wakati huo yajaze vyumba. Kwa bahati mbaya huo ndio wakati wa masika, Mei ukiwa mwezi wa mvua kubwa kuliko yote. Udongo mwekundu hauendesheki, mito kama Mkurumudzi hufurika, na kila gurudumu huharibu mara kumi. Januari na Februari ni kavu, upepo ni wa kaskazi, lakini joto ni kali na hoteli tayari zina wageni. Miezi ya Agosti na Septemba, kusi linapovuma na hewa kupoa, inafaa zaidi kwa ardhi na kwa wanadamu, hata kama haimfai sana mwenye hoteli.

Kuhusu joto, wageni kutoka bara ndio huteseka. Mwendeshaji aliyezoea Iten au Nyahururu hufika Pwani akiwa na mapafu mazuri na kudhani amemaliza. Mwili hupoa kwa jasho kukauka, na kwenye unyevu wa Pwani jasho halikauki. Hutiririka tu, na chumvi ya mwili huenda nalo. Vituo vya maji vinavyotosha kwenye Mlima Kenya kila baada ya kilomita 15 havitoshi hapa. Madafu, yanayopatikana kila kona, hufanya kazi ya vinywaji vya chupa kwa bei ndogo na pesa zikabaki kijijini. Aidha, lazima ijulikane mapema majeruhi atatolewaje kwenye kijia kisichopitika kwa ambulensi, kwa pikipiki ipi, hadi hospitali ya Kwale au ile ya rufaa ya Msambweni.

Kumalizia mbio ufuoni ni wazo linalomvutia kila anayelisikia, na linawezekana, ila mwenye ufuo ni maji. Diani ina mchanga mweupe mlaini unaomeza tairi, lakini maji yakipwa huacha utepe wa mchanga mgumu ambao baiskeli huteleza juu yake bila shida. Yakijaa, utepe huo hupotea. Wavuvi wa Gazi na Mwaepe hawahitaji kalenda kulijua hilo: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na siku za maji mafu mpangilio hugeuka. Mbio zilizoanza Kwale saa kumi na mbili unusu zingefika ufuoni wakati muafaka wa bamvua. Zikiwekwa wiki moja baadaye, waendeshaji watabeba baiskeli mabegani. Vilevile, njia haina budi kubaki chini ya alama ya maji kujaa, kwani kasa hutaga mayai juu yake, na juu zaidi, mitini, mbega huvuka barabara ya Diani kwa madaraja ya kamba waliyotengenezewa na wahifadhi.

Faida kwa wenyeji hutegemea maamuzi madogo yanayofanywa mezani: nani auze chakula, vijana gani wasimame kwenye makutano na kwa malipo gani, ada ya kupita shambani ilipwe kwa nani. Lipo pia suala la aina ya baiskeli. Baiskeli ya mashindano yenye breki za sahani na springi za mbele ina bei ambayo kijana wa Mwabungo hawezi kuiota, ilhali huenda yeye ndiye anayeshuka mteremko ule kwa kasi kuliko wote, akiwa na mitungi minne nyuma. Mashindano yenye kitengo cha baiskeli nzito za chuma, zile ziitwazo Black Mamba, humpa nafasi ya kupanga mstari wa mbele nyumbani kwake. Umbali wake uwe mfupi, breki zikaguliwe mmoja baada ya mwingine, na zawadi isiwe ndogo ya kudhalilisha.

Kazi ya mwisho haionekani kwenye televisheni. Mara mwendeshaji wa mwisho apitapo, kundi la wafagiaji humfuata nyuma kwa nyuma likiondoa mishale, kamba za rangi na karatasi za vitafunio, kwa kuwa utepe wa plastiki uliosahauliwa mtini huliwa na mbuzi na mshale uliosahauliwa njia panda humpoteza mgeni wa wiki ijayo. Sehemu za juu, karibu na hifadhi, husafishwa kwanza, na wafagiaji huwa wametoka huko kabla ya saa kumi jioni, saa ambayo ndovu huanza kuteremka kutafuta maji.